Nairobi Half Life Ikitazamwa kutoka Moshi: Mapato ya Filamu ya Uhalifu Ukumbini na Nyumbani

Mafanikio ya kifedha ya filamu hupimwa kwa hesabu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Hesabu ya kwanza ni mapato ya ukumbini, yaani jumla ya fedha ambazo watazamaji hulipa dirishani wanaponunua tiketi za sinema, kabla serikali, mwenye ukumbi na msambazaji hawajachukua mafungu yao. Ya pili ni mapato ya video za nyumbani, yaani fedha zinazotokana na nakala ambazo watu hununua au hukodi ili wakatazame majumbani mwao, iwe kwa kanda, kwa DVD au, katika miaka ya karibuni, kwa kulipia mtandaoni. Nchini Marekani na katika sehemu kubwa ya Ulaya hesabu ya ukumbini hutangazwa kila wiki, na wenye fedha huitazama kabla ya kugharimia filamu inayofuata. Katika Afrika Mashariki hesabu hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na wingi wa watazamaji wenyewe, na ile ya nyumbani karibu haiandikwi kabisa, kiasi kwamba filamu inaweza kujulikana kuanzia Mombasa hadi Marangu, na maneno ya steringi wake yakawa midomoni mwa vijana wa stendi, huku mtayarishaji wake akikosa hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba ilipendwa.

Filamu ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, iliyotoka mwaka 2012, inafaa kuchunguzwa kwa ajili ya jambo hili, kwa sababu ni filamu ya uhalifu iliyosifiwa ndani na nje ya nchi yake, na kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Sheng, lugha ambayo mkazi wa Moshi huifuata bila kuhitaji maandishi ya tafsiri chini ya picha. Iliongozwa na David "Tosh" Gitonga, na mhusika wake mkuu, Mwas, aliigizwa na Joseph Wairimu. Mwas ni kijana wa kijijini anayetamani kuwa mwigizaji, na anapoingia Nairobi anaporwa mzigo wake, anatupwa mahabusu, anakutana humo na Oti, mkuu wa genge, kisha anajikuta akiishi maisha mawili kwa wakati mmoja: mchana anafanya mazoezi ya tamthilia jukwaani, na usiku anaiba vipuri vya magari, mpaka wizi mdogo unapogeuka kuwa utekaji wa magari kwa silaha. Jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka ni kazi anayoifanya Mwas kabla hajaondoka kijijini. Anauza DVD za filamu za kigeni, na ili kuwavuta wateja huwaigizia barabarani vipande vya mapigano vilivyomo ndani yake. Kwa hiyo steringi wa filamu hii ni mchuuzi wa video za nyumbani, mtu wa tabaka lile lile ambalo, filamu ilipokwisha kutoka, ndilo lililoshika uwezo wa kuifikisha vijijini na uwezo wa kuinyima fedha zake.

Mwezi Julai 2012 filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la filamu la Durban, nchini Afrika Kusini, ambako Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka huo huo Kenya iliiteua kushindania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha ya kigeni, na huo ulikuwa uteuzi wa kwanza wa Kenya katika kundi hilo, ingawa filamu haikufika katika orodha ya mwisho. Katika kumbi za Nairobi ilipokelewa kwa namna ambayo filamu za Kenya hazikuwa zimezoea kupokelewa, kwa kuwa watu walikwenda kuitazama kwa hiari yao na kwa kulipa, wakati filamu nyingi za wenyeji zilikuwa zikionyeshwa mara chache katika vituo vya utamaduni vya balozi, bila kiingilio, mbele ya watazamaji wale wale.

Hata hivyo, msingi wa kifedha wa Nairobi Half Life haukuwekwa juu ya tiketi. Filamu ilizaliwa katika warsha za mafunzo zilizoandaliwa na kampuni ya One Fine Day Films, iliyoanzishwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, kwa kushirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi na chuo cha shirika la utangazaji la Ujerumani, Deutsche Welle. Mpango huo ulikuwa umekwisha kutoa Soul Boy mwaka 2010, na baadaye ulitoa Something Necessary, Veve, Kati Kati na Supa Modo. Fedha zilitoka kwa wafadhili waliotaka kukuza waongozaji na mafundi wa Kiafrika, na katika ufadhili wa namna hiyo mtayarishaji halazimiki kurudisha mtaji wote kwa kuuza tiketi, jambo lililoiruhusu filamu kuwa na kamera nzuri, sauti safi na muda wa kutosha wa mazoezi. Ubora huo ulikuwa baraka kwa watazamaji. Ila ubora uliolipiwa na mfadhili hauwezi kurudiwa na mtayarishaji anayetegemea soko, isipokuwa soko lenyewe liwe na njia ya kurudisha fedha.

Ugumu wa soko la ukumbini unaonekana vizuri zaidi kwa hesabu ya tiketi moja. Ikichukuliwa, kwa mfano, kwamba tiketi inauzwa shilingi 10,000 za Tanzania, na kwamba ndani ya bei hiyo mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, fedha zinazobaki baada ya kodi ni takriban shilingi 8,475. Mwenye ukumbi, ambaye analipa umeme, pango, wafanyakazi na mashine ya kuonyeshea, kwa kawaida hubaki na karibu nusu, na nusu inayobaki hupitia kwa msambazaji, yaani kampuni inayotafuta kumbi na kuitangaza filamu, ambaye naye hukata ujira wake na gharama zake. Mtayarishaji akipata shilingi 3,000 katika kila tiketi hana cha kulalamikia. Ukumbi wa viti 200 ukijaa mara 10, jambo lisilo la kawaida kwa filamu ya mwenyeji, mtayarishaji atapata shilingi milioni 6, kiasi ambacho hakiwezi kulipa hata sehemu ndogo ya gharama za filamu yenye magari, silaha za maigizo na waigizaji wa kutosha kuunda genge na kikosi cha polisi. Filamu ya uhalifu ni ghali kwa asili yake, maana haiwezi kukaa sebuleni kama filamu ya mapenzi; hudai barabara, usiku, mbio na umati.

Kumbi zenyewe nazo ni chache. Mkazi wa Moshi anayetaka kuona filamu mpya kwenye pazia kubwa amezoea kupanda basi hadi Arusha, mwendo wa kilometa 80 hivi, ambako kumbi za kisasa zimekuwa eneo la Njiro, na nauli ya kwenda na kurudi hushindana na bei ya tiketi yenyewe. Haikuwa hivyo wakati wote. Katika miongo ya katikati ya karne ya 20 miji ya Tanganyika iliyokuwa kwenye reli na barabara kuu ilikuwa na sinema zilizojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India, na Moshi, mji wa kahawa uliokuwa na fedha za mauzo ya zao hilo kupitia chama cha ushirika cha KNCU, ulikuwa na sinema zake, Plaza ikiwa miongoni mwazo. Mikebe ya filamu ilizunguka kutoka mji hadi mji kwa ratiba, hivyo kwamba picha iliyoonyeshwa Dar es Salaam au Tanga wiki fulani ilitazamiwa kufika Moshi na Arusha baadaye, na watu waliingoja.

Picha za uhalifu zilikuwa na nafasi ya pekee katika mzunguko huo. Katika miaka ya 1970 Amitabh Bachchan alijaza kumbi kwa Zanjeer ya mwaka 1973, Deewaar ya mwaka 1975 na Don ya mwaka 1978, zote zikiwa hadithi za polisi, magendo na kisasi, na kando yake kulikuwa na picha za ngumi kutoka Hong Kong na picha za majambazi kutoka Marekani. Msomaji wa Kiswahili wa wakati huo alikuwa pia na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, iliyotoka mwaka 1965, na mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza safari zake katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Hamu ya hadithi ya uhalifu haikuletwa na DVD. Ilikuwapo, na ilikuwa ikilipiwa.

Ipo hata filamu ya Kiswahili ya miaka ya mwanzo ya 1950 inayopaswa kuhesabiwa katika ukoo wa Nairobi Half Life. Katika miaka hiyo kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu kadhaa kwa ajili ya serikali ya Tanganyika, na katika Muhogo Mchungu, iliyosimulia masaibu ya mtu wa shamba aliyeingia mjini, steringi alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka michache baadaye aliacha uigizaji, akaongoza vyama vya wafanyakazi na hatimaye akawa Waziri Mkuu. Muhogo na Mwas wanatenganishwa na miaka sitini, lakini wote wawili ni watu waliotoka shamba wakiwa na matumaini, mji ukawapokea kwa mikono ya wajanja. Watazamaji wa miteremko ya Kilimanjaro, ambako kihamba, yaani shamba la ukoo, hakitoshi kugawanywa kwa watoto wote na kijana hulazimika kushuka mjini kutafuta maisha, hawahitaji kufafanuliwa kisa cha namna hiyo.

Jambo moja la enzi ya kumbi linafaa kukumbukwa kwa makini, nalo ni kwamba tiketi zilihesabiwa. Serikali ilitoza kodi ya burudani katika kila kiingilio, na msambazaji alidai fungu lake, kwa hiyo pande mbili zenye nguvu zilikuwa na sababu ya kuhakikisha kwamba kila kishina cha tiketi kimeandikwa. Mwaka 1968 liliundwa shirika la umma la filamu, Tanzania Film Company, ambalo baadaye lilishika uingizaji na usambazaji wa filamu, na sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo iliyaweka majumba mengi ya kupangisha, yakiwemo ya sinema, mikononi mwa Msajili wa Majumba. Waliokuwa wamiliki wakawa wapangaji katika majengo waliyoyajenga wenyewe, na hawakuwa tena na sababu ya kubadili viti au kuziba paa. Uhaba wa fedha za kigeni uliozidi kuelekea miaka ya 1980 ukazuia filamu mpya na vipuri, na video ya kanda ilipoingia ikakuta kumbi zimekwisha kudhoofika. Majengo mengine yakawa maghala, mengine makanisa, na utaratibu wa kuhesabu ukaondoka pamoja na viti.

Badala ya ukumbi kulikuja kibanda. Watanzania hukiita kibanda umiza: chumba cha mbao, mabati au matofali, chenye mabenchi, televisheni moja au mbili na giza la kutosha, ambamo mtu hulipa kiingilio kidogo ili atazame filamu au mpira. Katika mitaa kama Pasua, Njoro na Majengo mjini Moshi, na katika vituo vya biashara vya mlimani ambavyo hukusanya watu siku za gulio, chumba cha namna hiyo kilifanya kazi ile ile iliyofanywa na sinema, ila kwa nakala moja tu iliyonunuliwa au kudurufiwa. Kikiingiza watu 40 kwa shilingi 300 kila mmoja, na kuonyesha filamu ile ile mara 3, kinakusanya shilingi 36,000, na katika fedha hizo mwenye filamu hana hata senti. Kwa kipimo chochote cha haki hizo ni fedha za tiketi. Katika vitabu vya hesabu, zinachukuliwa kama kwamba hazikupata kulipwa.

Kibanda kiliongeza kitu ambacho ukumbi haukuwa nacho, yaani mfasiri. Dar es Salaam ilimtoa Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, mwanajeshi mstaafu aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, akieleza, akiongeza na kuwapa wahusika tabia ambazo mwongozaji hakuzijua, na kanda zake zilienea nchi nzima. Kenya ilimtoa DJ Afro, ambaye sauti yake ni sehemu ya filamu kwa maelfu ya watu. Hii ni kazi ya sanaa kwa haki yake, na anayeidharau hajapata kuketi katika benchi hizo. Lakini kibiashara ilikuwa na matokeo mazito kwa filamu za nyumbani, kwa kuwa filamu ya Hollywood iliyogharimu mamilioni ya dola iliweza kusimuliwa kwa Kiswahili na kuuzwa kwa bei ya diski tupu na faida kidogo, na hivyo kuinyang'anya filamu ya Kiswahili fursa moja kubwa iliyokuwa nayo, yaani lugha. Baadaye zikaja DVD zilizojazwa filamu kumi, kumi na tano au ishirini za mwigizaji mmoja katika diski moja, na mnunuzi mwenye noti moja mkononi akawa anachagua kati ya filamu moja ya nyumbani na usiku kadhaa wa picha za nje.

Moshi ina hali ya ziada kwa sababu ya mahali ilipo. Iko karibu na Nairobi kuliko Dar es Salaam, na biashara ya kupitia Holili na Taveta, au Tarakea na Oloitokitok, ni ya siku nyingi na ya kifamilia, kwani pande zote mbili wako watu wa ukoo mmoja. Sheria huihesabu filamu ya Kenya kuwa bidhaa ya kigeni inayotakiwa kupitia Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 kabla ya kuonyeshwa hadharani Tanzania Bara. Kwa mtazamaji wa Rombo ni filamu ya jirani. Diski haina uzito, nayo faili iliyomo ndani ya flash au kadi ya simu haina hata umbo la kukaguliwa, kwa hiyo hakuna kituo cha forodha ambacho kingeweza kuhesabu ni nakala ngapi za filamu ya Nairobi zimelala Himo au Mwika.

Tanzania ilijaribu kujenga soko lake la video, na kwa muda lilikuwa kubwa. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, tasnia iliyokuja kuitwa Bongo Muvi ilitoa filamu nyingi kila mwezi kwa ajili ya nyumbani moja kwa moja, bila kupitia ukumbini, zikisambazwa kutoka Kariakoo na kampuni chache ambazo Steps Entertainment ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote. Steven Kanumba, aliyefariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, alikuwa nyota wa soko hilo, na umati uliofurika katika mazishi yake Dar es Salaam ulikuwa ushahidi wa ukubwa wa watazamaji ambao hakuna kitabu cha mauzo kilichowahi kuuonyesha. Filamu moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili na kuuzwa kama bidhaa mbili, mbinu ambayo watazamaji waliilalamikia lakini waliinunua.

Kasoro ilikuwa katika mkataba. Ziko njia kuu mbili za kumlipa mwenye filamu: mrabaha, ambapo hupata sehemu ya kila nakala inayouzwa, na mauzo ya jumla, ambapo hupokea fedha mara moja na kuacha haki zake kwa msambazaji. Watayarishaji wengi wa Bongo Muvi waliuza kwa njia ya pili, kwa sababu walihitaji fedha mara moja na kwa sababu hawakuwa na njia ya kukagua idadi ya nakala zilizotoka kiwandani. Msambazaji naye alikuwa na hoja yake, kwamba ndiye aliyebeba hatari ya nakala feki zilizozagaa ndani ya siku chache. Lakini matokeo yalikuwa kwamba filamu iliyouza sana na iliyouza kidogo zililipwa karibu sawa, na mtayarishaji aliyejua kwamba malipo yake hayategemei mauzo hakuwa na sababu ya kutumia wiki mbili zaidi kurekebisha hadithi. Filamu ya uhalifu iliumia kuliko nyingine, kwa kuwa fumbo la mauaji au la wizi linadai mwandishi wa kulisuka kwa subira na fedha za kuipeleka kamera nje ya sebule, na katika soko lililolipa bei moja kwa kazi zote, sebule na machozi vilikuwa na faida zaidi.

Serikali iliingilia kati mwaka 2013 kwa kuanzisha stempu za kodi ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitaka zibandikwe katika kila CD na DVD ya muziki na filamu. Wazo lilikuwa jema kuliko utekelezaji wake ulivyokuwa. Stempu moja kwa kila nakala ingeweza kuwa, kwa mara ya kwanza tangu kufungwa kwa kumbi, hesabu ya kweli ya mauzo ambayo msanii angeweza kuidai, na Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kilichotokana na sheria ya mwaka 1999, kingepata chombo cha kufanyia kazi. Lakini stempu ilibandikwa kwa yule aliyekuwa tayari kujulikana, yaani filamu ya nyumbani yenye msambazaji na anwani, huku diski za kigeni zilizodurufiwa vichochoroni zikiuzwa bila stempu na kwa bei ya chini zaidi. Mwezi Aprili 2017 wasanii wa Bongo Muvi walifika Kariakoo kuandamana dhidi ya uuzaji wa filamu hizo za nje. Wakati huo DVD yenyewe ilikuwa inakufa, kwa sababu wateja walikwisha kuanza kuwapelekea vijana wenye kompyuta flash na simu zao ili wawekewe filamu kwa shilingi mia chache.

Uganda inatoa mfano wa mtayarishaji aliyeelewa kasi ya wizi huo na kupanga biashara yake kulingana nayo. Isaac Nabwana, mwenye studio ya Wakaliwood katika kitongoji cha Wakaliga mjini Kampala, alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya polisi na genge la wahalifu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana, hakutafuta ukumbi wala msambazaji mkubwa. Waigizaji wenyewe walizunguka kuuza DVD mkononi, nyumba kwa nyumba, wakijua kwamba wana takriban wiki moja kabla nakala feki hazijalifikia soko. Wiki hiyo moja ndiyo iliyokuwa mapato yao yote ya nyumbani. Baadaye filamu ilijulikana duniani kupitia YouTube, lakini sifa hiyo ilifuata baada ya fedha ya kwanza kukusanywa kwa miguu.

Historia ya nchi nyingine inaonyesha kwamba uhusiano kati ya ukumbi na nyumba si wa namna moja. The Shawshank Redemption, filamu ya Marekani ya mwaka 1994 inayohusu mfungwa aliyehukumiwa kwa mauaji, iligharimu takriban dola milioni 25, na katika mzunguko wake wa kwanza ukumbini ilikusanya dola milioni 16 hivi. Ni kukodishwa kwa kanda zake mwaka 1995, kwa wingi uliozishinda filamu nyingine zote nchini humo, kulikoifanya iwe filamu inayopendwa hadi leo. Mfano wa Brazili unaikaribia zaidi Afrika Mashariki. Tropa de Elite ya José Padilha, inayohusu kikosi maalumu cha polisi wa Rio de Janeiro, ilivuja mwaka 2007 kabla ya kuonyeshwa rasmi, na makadirio ya wakati huo yalitaja zaidi ya watu milioni 11 kuwa waliitazama kwa nakala za wizi, wakati tiketi zilizouzwa baadaye zilikuwa kama milioni 2.4. Padilha alipotoa sehemu ya pili mwaka 2010, nakala zililindwa kwa ukali tangu chumba cha uhariri hadi ukumbini, na tiketi zilizouzwa zilifika takriban milioni 11, rekodi ambayo filamu ya Brazili haikuwa imepata kuifikia. Watazamaji wa nakala za wizi hawakuwa maadui wa filamu. Walikuwa wateja ambao hapo mwanzo hawakupelekewa tiketi kwa wakati.

Brazili, lakini, ilikuwa na maelfu ya mapazia ya kuwapokea wateja hao, na Kilimanjaro haina. Televisheni za kulipia zimeziba sehemu ya pengo: Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2013, na Maisha Magic Bongo ya DStv zimekuwa wanunuzi wakubwa wa filamu za Kiswahili, na Netflix, iliyofunguliwa kwa Afrika nzima Januari 2016, imechukua filamu za Tanzania kama Binti ya mwaka 2021. Malipo ya vituo hivi ni halali na yana mkataba, jambo ambalo ni hatua kubwa. Hata hivyo mengi yake ni mauzo ya jumla yenye sura mpya, kwani mtayarishaji hulipwa kiasi kilichokubaliwa na kwa kawaida haambiwi ni kaya ngapi za Kibosho au Machame zilizokaa mbele ya king'amuzi usiku ule.

Kwa sababu hiyo, mahali panapofaa kuanzia hesabu ni pale ambapo watu tayari wanalipa, yaani kibandani. Kwa muda mrefu wenye vibanda wamehesabiwa kuwa wahalifu wa hakimiliki wanaofaa kukamatwa, na ni kweli kwamba wengi huonyesha filamu bila idhini. Lakini ndio waliobeba kazi ya ukumbi kwa miongo mitatu bila msaada wa mtu, wanajua mtaa unapenda nini, na wana kiingilio ambacho mtazamaji wa kawaida anakimudu. Filamu ya uhalifu ya Kiswahili ikipelekwa kwao kwanza, wiki mbili kabla haijafika televisheni wala mtandaoni, kwa ada ndogo ya leseni inayolipwa kwa simu na kwa faili linalofungwa lisinakiliwe, mwenye kibanda atakuwa na sababu ya kuilinda, maana nakala feki mtaani itamwibia yeye kabla ya kumwibia mtayarishaji. Msimu nao upo: mwezi Desemba Wachagga walioko Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko hupanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na kuanzia Siha hadi Rombo vijiji hujaa watu wenye mapumziko, fedha za sikukuu na hamu ya kukaa pamoja. Onyesho moja la jioni katika kila kituo cha biashara cha mlimani, pamoja na kumbi za parokia na za shule zilizo wazi wakati wa likizo, linaweza kuuza tiketi nyingi kuliko ukumbi wa kisasa unavyouza kwa wiki kadhaa, mradi kila kiingilio kiandikwe kwa jina la filamu, tarehe na mahali, na nakala ya hesabu hiyo imfikie mtayarishaji na COSOTA kabla ya wiki kwisha.